UZI: Quorn Hunt, chama cha kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa kilichoishi juu ya ardhi ya watu wengine

Kipanga (mtoa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kwa nini Waingereza waligombana bungeni miaka nenda rudi kwa sababu ya mbweha. Nilimwahidi jibu. Limekuwa refu, kwa hiyo nalifungulia uzi wake. Naishi Leicestershire, katikati ya Uingereza, na hapa ndipo kilipo chama ambacho wapenzi wa mchezo wa kuwinda mbweha walikihesabu kuwa kikubwa kuliko vyote: Quorn Hunt. Jina ni la kijiji cha Quorn, zamani Quorndon, kilicho kati ya Leicester na Loughborough.

Wengi wakisimulia habari hizi huanza na makoti mekundu na malodi. Mimi nataka mtazame ardhi. Mkuu wa chama alimiliki mbwa, wanachama walimiliki farasi, lakini mashamba waliyoyapita mbio yalikuwa ya watu wengine, mamia kwa mamia. Kila kilichokipata chama hiki, kizuri na kibaya, kilitokana na hapo.

Tuanze kabla ya chama. Mbweha hakuwa mnyama wa heshima. Mwaka 1566, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipitisha sheria ya kulinda nafaka, na parokia zikawa zinalipa peni 12 kwa kila kichwa cha mbweha, kama zilivyolipia wanyama wengine waharibifu. Mabwana wakubwa waliwinda kulungu. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1642 hadi 1651: uzio wa mbuga zao ukavunjwa, kulungu wakaliwa, misitu ikazidi kukatwa. Mabwana waliporudi kwenye starehe zao wakakuta kulungu wamekuwa haba, na mbweha yupo kila kichaka. Ndivyo mwizi wa kuku alivyopanda cheo.

Quorn wanahesabu mwanzo wao kuwa 1696. Mwaka huo kijana Thomas Boothby wa Tooley Park, magharibi ya Leicester, alianza kufuga kundi la mbwa wa kuwindia mbweha tu. Baragumu lake la uwindaji lilichongwa maandishi yanayodai kwamba aliwinda nalo miaka 55, na kwamba kundi lake lilikuwa la kwanza la aina hiyo Uingereza. Kuna vyama vingine vinavyodai ukongwe huohuo, na sitaingia kwenye ugomvi wao. Boothby alifariki 1752.

Mwaka uliofuata akaingia Hugo Meynell, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana huyu ndiye aliyegeuza kila kitu. Alikuwa na miaka 18. Akaweka makao Quorndon Hall na kuongoza hadi 1800, miaka 47. Uwindaji wa zamani ulianza alfajiri. Mbweha alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye mawindo yake ya usiku, tumbo limejaa, hana mbio, na mbwa walikuwa wazito, wa polepole, wanafuata harufu yake hatua kwa hatua. Meynell alitaka mbwa mwenye pua ileile lakini mwenye miguu ya kukimbia na pumzi ya kudumu siku nzima.

Bahati yake ni kwamba maili chache kutoka hapo, kwenye shamba la Dishley, aliishi Robert Bakewell, mfugaji aliyebadilisha kondoo na ng'ombe wa Uingereza kwa kuchagua madume na majike wenye sifa anazozitaka na kuwapandisha ndani ya ukoo mmoja mpaka sifa hizo zikae. Meynell akafanya hivyo kwa mbwa. Mbwa wa kasi wakapatikana, na muda ukabadilika: badala ya alfajiri, watu wakaanza kukutana mchana kabla ya adhuhuri, mbweha ameshapumzika na ana nguvu za kukimbia. Mbio ikawa ndefu na kali. Na bwana wa mjini aliyelala saa saba usiku naye akaweza kuja.

Sasa ardhi. Kipindi hichohicho cha Meynell, Bunge lilikuwa linapitisha sheria moja baada ya nyingine za kugawa na kuzungushia uzio mashamba ya wazi ya vijiji. Maskini waliokuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja au kuokota kuni kwenye ardhi ya wote wakaipoteza. Mashamba mengi ya nafaka yakawa malisho, na kila kipande kikazungushiwa ua wa miti ya miiba na mitaro. Kwa mkulima mdogo yalikuwa maafa. Kwa mpanda farasi lilikuwa zulia la kijani lenye viunzi vya kuruka kila baada ya hatua mia chache. Mnamo 1780 hivi, bwana mmoja kutoka Shropshire aitwaye William Childe alikuja na mtindo wa kupanda kwa kasi nyuma ya mbwa na kuruka kila ua bila kupunguza mwendo. Vijana wakampenda, wakamfuata. Meynell hakufurahi hata kidogo, kwa sababu yeye alikuja kutazama mbwa wakifanya kazi, na sasa farasi walikuwa wanawakanyaga.

Nitaendelea. Maswali yaanze.

Mama Zuhura

Mkuu, nimeshika siti ya mbele. Nisaidie kwanza: huko porini nani anafanya nini? Maana naona kundi la mbwa, kundi la watu, na vurugu.

Kipanga

Mama Zuhura, si vurugu hata kidogo. Mkuu wa chama ndiye mwenye dhamana: anasimamia fedha, anaongea na wakulima, na aghalabu zama zile alilipa pengo la bajeti kutoka mfukoni. Chini yake yupo msasi mkuu. Huyu ni mwajiriwa, analijua kila mbwa kwa jina na sauti, na anawaongoza kwa baragumu. Ana wasaidizi wawili watatu wenye mijeledi, kazi yao ni kurudisha mbwa anayepotea au anayefuata sungura. Wanachama waliobaki, wawe mia au mia mbili, hawawindi chochote. Wanafuata tu, na ole wake atakayewatangulia mbwa.

Mbwa wanahesabiwa kwa jozi. Siku moja hutoka jozi 15 hadi 20 hivi, na akibaki mmoja wanasema "na nusu".

Kuna watu wengine ambao picha za kuchora haziwaonyeshi, na mimi ndio ninaowaheshimu zaidi. Usiku wa kuamkia mawindo, mtu mmoja alitembea gizani na jembe na taa kuziba mashimo ya mbweha wakiwa nje, ili asubuhi wasipate pa kujificha. Watoto wa mbwa waliozaliwa mwaka ule waligawiwa kwa wake wa wakulima na wachinjaji vijijini, wakalelewa jikoni na uwanjani kwa miezi mingi, wakajifunza kutokimbiza kuku na kondoo, kisha wakarudishwa bandani. Na ng'ombe au farasi aliyekufa shambani, chama kilikuja kumchukua akawa chakula cha mbwa. Mkulima alipunguziwa mzigo wa mzoga, mbwa wakala.

Abu Salim wa Maskati

Huku Oman kuna saluki, mbwa mwembamba wa Waarabu. Yeye anamwinda sungura kwa macho, akishamwona basi ni mbio tu. Hao wa Quorn ni tofauti?

Kipanga

Tofauti kabisa, sheikh wangu. Mbwa wa Quorn anaweza asimwone mbweha kwa saa nzima. Anafuata harufu iliyobaki ardhini na kwenye majani, tena kwa sauti: akiipata anabweka, wenzake wanasikia na kumkimbilia. Ndiyo maana hali ya hewa ilikuwa mazungumzo ya asubuhi ya kila mtu. Ardhi yenye unyevu na malisho ya zamani huhifadhi harufu vizuri. Shamba lililolimwa na kukauka huipoteza. Malisho ya Leicestershire yalikuwa na sifa hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya umaarufu wa eneo hili.

Mkulima wa Njombe

Swali langu ni moja tu. Watu mia mbili na farasi wanapita kwenye shamba langu, wanavunja ua, kuku wangu wanaliwa na mbweha ambaye siruhusiwi kumuua. Kwa nini nikubali? Mimi ningewatoa na panga.

Kipanga

Mkulima wa Njombe, umegusa penyewe. Naweka sehemu ya pili kwa ajili ya swali lako.

Kwanza, wakulima wengi walikuwa wapangaji. Ardhi ilikuwa ya bwana mkubwa, na huyo bwana alikuwa mwanachama, au shemeji yake, au rafiki yake. Mpangaji aliyepiga mbweha risasi alihatarisha jina lake na pengine mkataba wake. Ilifika mahali kumuua mbweha kwa bunduki kukawa aibu kubwa mashambani, wakati miaka mia mbili nyuma parokia ilikuwa inakulipa kwa kichwa chake. Mbweha walipopungua, vyama vilinunua wengine. Katika karne ya 19 walikuwa wakiletwa kutoka Ulaya bara na kuuzwa London kwenye soko la Leadenhall, wakaachiliwa vijijini ili wawindwe. Vichaka vya miiba vilipandwa makusudi wapate pa kuzaana.

Pili, fedha. Vyama vikaanzisha mifuko ya fidia kwa kuku walioliwa na ua uliovunjwa. Wakulima waliuza nyasi, shayiri na farasi kwa wageni. Tena mkulima mwenye farasi wake mwenyewe aliruhusiwa kuwinda pamoja na Duke. Hilo lilikuwa na uzito kijijini, na watetezi wa mchezo walilisema sana. Mimi nadhani lilikuwa kweli kwa mkulima mwenye uwezo. Kwa kibarua wake halikuwa na maana yoyote.

Mji ulioneemeka ni Melton Mowbray. Maeneo ya vyama vitatu, Quorn, Belvoir na Cottesmore, yalikutana pale, kwa hiyo tajiri aliyekodi nyumba Melton aliweza kuwinda karibu kila siku ya wiki. Mazizi yakajengwa mtaa kwa mtaa. Ulevi nao ukaja: Aprili 1837 Marquess wa Waterford na wenzake walizunguka mji usiku wakiwa wamelewa, wakapaka rangi nyekundu milango na kibanda cha ushuru. Wenye mji ndio waliobaki wakisugua.

Wakuu waliomfuata Meynell walibadilishana haraka, maana gharama zilikuwa za kutisha. Lord Sefton alinunua mbwa mwaka 1800. Alikuwa mtu mzito, na ndiye anayetajwa kuanzisha desturi ya kuwa na farasi wa pili anayesubiri katikati ya siku. Thomas Assheton Smith aliongoza 1806 hadi 1817, akasifika kwa kuruka popote pale. George Osbaldeston alishika mara mbili katika miaka ya 1817 hadi 1827, na hakutaka siku ya kupumzika. Sir Richard Sutton alichukua 1847, akakuta eneo ni kubwa mno, akampa mwanawe upande wa kusini mwaka 1853. Upande huo haukurudi tena. Baadaye ukawa chama kingine, Fernie.

Kwa wapenzi wa ndondi humu: Lord Lonsdale, yule ambaye mkanda wa mabingwa wa Uingereza unaitwa kwa jina lake, aliongoza Quorn kuanzia 1893 hadi 1898. Lakini mtu aliyeipa Quorn sifa katika miaka ile hakuwa lodi. Alikuwa Tom Firr, msasi mkuu kuanzia 1872 hadi 1899, mwajiriwa, ambaye watu walisafiri kutoka mbali kuja kumtazama akifanya kazi na mbwa wake. Falme za wakuu zilipita, yeye akabaki palepale na baragumu lake.

Watu waliogopa kwamba reli itaua mchezo. Ikawa kinyume. Treni zilileta wanachama kutoka London na farasi wao kwenye mabehewa, na ada zikaongezeka. Kilichouma kweli ni miaka ya 1870 kuelekea 1880: bei ya nafaka ilianguka kwa sababu ya ngano ya Marekani, mkulima akaishiwa, akatafuta uzio wa bei nafuu. Akanunua seng'enge. Mnajua seng'enge inavyomfanya farasi anayeruka bila kuiona. Kuanzia hapo kila chama kilikuwa na mfuko na kamati ya kuwabembeleza wakulima waitoe msimu wa mawindo unapoanza Novemba. Hapo mkulima akawa na sauti ambayo babu yake hakuwa nayo.

Binti Kabete

Shukrani Kipanga. Naomba niongeze la huku kwetu Kenya, maana jambo hili lilitufikia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi walileta mbwa wa aina hiyo kutoka Uingereza. Karibu na Nairobi kulikuwa na Masara Hounds, mkuu wake Jim Elkington, yule aliyekuwa akifuga simba nyumbani. Kwa kuwa mbweha mwekundu hayupo huku, walimfukuza bweha (jackal) na wanyama wadogo wa nyika. Wazee wetu waliona watu wazima wakipiga mbio kwenye jua nyuma ya mnyama ambaye hata haliwi.

Lakini nikisoma maelezo yako kuhusu fidia ya kuku na kubembeleza wakulima, nauliza: huku walimbembeleza nani?

Kipanga

Binti Kabete, hakuna aliyebembelezwa. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilimpa kamishna, mtawala wa Kiingereza wa wakati huo, mamlaka ya kuuza na kukodisha ardhi kwa walowezi, na ile ya 1915 ikaongeza muda wa ukodishaji hadi miaka 999. Waliokuwa wakilima na kuchunga pale wakahesabiwa kuwa wapo tu kwa ruhusa. Leicestershire mkuu wa chama alilazimika kuvua kofia mbele ya mwenye shamba, akanywa naye, akamlipa. Ukiondoa lazima hiyo, unabaki na farasi, mbwa na bunduki ya serikali nyuma yao. Nakushukuru sana kwa kulileta hili, kwa sababu watu hudhani adabu ya mchezo huu ilitoka kwenye tabia njema ya mabwana. Ilitoka kwenye kuhitaji ruhusa.

Msasi wa Makunduchi

Kwetu Unguja wasasi tunatoka na mbwa kwa miguu, tunasaka nguruwe mwitu na kima wanaomaliza muhogo. Mwenye shamba ndiye anayekuja kutuita. Sijawahi kusikia mtu aliyelipwa fidia na msasi! Hao wa Quorn kama kweli walikuwa wanamsaidia mkulima, mbona waliwanunua mbweha sokoni?

Kipanga

Msasi, hoja yako ndiyo iliyokuja kuwashinda bungeni. Huwezi kusema unaangamiza mwizi wa kuku na huku unampandia kichaka.

Dkt. Punda Milia

Mimi ni daktari wa mifugo, naomba tuseme bila kuzunguka: mnyama anafukuzwa mpaka nguvu zinamwishia, kisha anararuliwa. Historia nzuri, lakini isifunike hilo.

Kipanga

Daktari, nakubaliana nawe, na Quorn yenyewe inahusika moja kwa moja. Mwaka 1991 wapinzani wa mchezo walitoa picha za video zilizoonyesha mbweha akifukuliwa shimoni na kuachiwa mbwa wa Quorn. Nchi nzima iliona. Viongozi wa chama wakajiuzulu. Hiki kilikuwa chama ambacho hata Prince Charles alikuwa akiwinda nacho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ni wahuni wa pembezoni.

Serikali ya Tony Blair ikaunda tume chini ya Lord Burns, na ripoti yake ya 2000 ikasema uwindaji wa namna hii unaathiri vibaya sana ustawi wa mbweha. Septemba 2002 watu wapatao 400,000 waliandamana London kutetea maisha ya vijijini, uwindaji ukiwa mbele. Septemba 2004 waandamanaji wachache walipenya hadi ndani ya ukumbi wa Baraza la Makabwela, kikao kikasimama. Baraza la Malodi likakataa muswada, Makabwela wakatumia sheria inayowaruhusu kupita juu ya Malodi, na Sheria ya Uwindaji ya 2004 ikaanza kutumika Uingereza na Wales tarehe 18 Februari 2005. Uskoti walishatangulia kwa sheria yao ya 2002.

Mimi nasimama na sheria hiyo. Nimezungumza na watu wa mabandani hapa na najua wanavyowapenda mbwa wao. Mapenzi hayo ni ya kweli na yana miaka zaidi ya mia tatu ya ujuzi ndani yake. Ujuzi ule haukuhitaji kifo cha mbweha ili uwe ujuzi.

Mkereketwa wa Iringa

Napingana kidogo. Mbweha bado wanapigwa risasi na kutegwa, na wengine wanaondoka na majeraha. Na mfua viatu vya farasi, mtunza zizi, muuza nyasi, mbona hawatajwi? Watu wa London waliamua mambo ya watu wa Melton.

Kipanga

Hoja ya ajira ina uzito, na tume ya Burns iliipima pia. La London silikubali lote: wakulima wengi wa hapa walishachoka na kuvunjiwa ua muda mrefu kabla ya kura ile. Lakini la mbweha kupigwa risasi ovyo uko sahihi, na sheria ya 2004 haikulitatua.

Mama Zuhura

Kwa hiyo chama kimekufa au kipo?

Kipanga

Kipo. Mabanda yalihama kutoka kijiji cha Quorn mwanzoni mwa karne ya 20, na sasa yako Kirby Bellars karibu na Melton. Baada ya 2005 vyama vingi viligeukia kufuata harufu iliyoburutwa ardhini na mtu, bila mnyama. Wapinzani wanasema mara nyingi ni kisingizio, mbwa wanaishia kwa mbweha halisi, na chama cha siasa cha Labour kiliingia kwenye uchaguzi wa 2024 na ahadi ya kupiga marufuku hata hilo. Na wenye ardhi nao wanazidi kuamua wenyewe. Taasisi ya National Trust, moja ya wamiliki wakubwa wa ardhi nchini, ilitangaza mwaka 2021 kwamba haitatoa tena vibali vya uwindaji wa aina hiyo kwenye mashamba yake. Ikabidi vyama vitafute njia nyingine za kupita.

Aliye Uingereza na anataka kuona vitu vyenyewe, aende Melton Carnegie Museum pale Melton Mowbray. Wana sehemu nzima ya historia ya uwindaji wa mbweha. Kesho nikipata nafasi nitajibu waliouliza inbox kuhusu tandiko la wanawake la kukalia upande. Hilo nalo lina habari yake, hasa baada ya 1830 lilipoongezwa pembe ya pili ya kushikia paja na wanawake wakaanza kuruka ua kama wanaume.